Karanga Niliyoificha Ndani ya Sombe

Zuwena,

Miezi minne! Mto haujaongezeka upana. Mitumbwi inavuka kutoka Alunguli, ng'ambo kwako, asubuhi mpaka magharibi, inaleta ndizi, inaleta mbuzi, inaleta hata wale wanawake wa midomo mirefu ambao sikuwaita. Wewe tu njo haikuleti. Mbuzi anamkumbuka Koko, mzaa mama yako, kuliko wewe? Kila siku nashuka ukingoni na ndoo, nasema nakwenda kuteka maji, na bomba iko kwa jirani, hatua kumi tu. Watu wananiona narudi na ndoo tupu, wananihurumia. Nawatazama kina mama wanaposhuka, natafuta mwendo wako, ule wa kukanyaga na kisigino kwanza kama mtu anayekwenda kugombana. Siuoni. Na leo nasikia kwa watu, kwa watu Zuwena, si kwa kinywa chako, kwamba bwana yako amehamishwa na kazi yake ya reli, na kesho mnapanda gari la moshi kwenda Lubumbashi.

Basi nimemwita Mama Ngalula, jirani yangu Mkasai, aje na kalamu. Mimi mlango wa shule sikuukanyaga, hata kuufagia sikuufagia. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipake poda. Ameanza na "Mpendwa mjukuu, natumaini barua hii itakukuta salama." Nimemwambia futa. Sijui kama uko salama. Njo sababu naandika.

"Koko," ameniambia, "barua inataka heshima."

"Heshima nitampa akija. Wewe andika."

Sitakufundisha namna ya kukaa na watu wa Lubumbashi, wala namna ya kufunga sufuria ndani ya kikwembe zisigongane njiani. Hayo unayajua, mimi njo nilikufundisha. Nataka kusema neno la karanga. Siku uliyoondoka wewe ulisema maneno matatu, mimi sikusema hata moja, na neno likikaa miezi minne ndani ya mtu linaanza kumla koo.

Nitaanzia mbali kidogo. Vumilia, umepata uvumilivu kwa mambo mabaya kuliko haya.

Mama yako Mariamu unamjua kwa jina, na kwa yale meno yaliyoachana ambayo umeyarithi wewe. Wakati wa vurugu, watu wa Kindu tulipokimbilia porini, wewe ulikuwa mgongoni kwangu na yeye alitembea mbele kupima njia. Tulikula majani tusiyoyajua jina. Kila kitu kidogo tulichopata, muhogo mmoja, konokono wawili, yeye njo aligawa. Alikupa wewe, alinipa mimi, halafu alisema ameshiba. Nikamwamini. Mimi mama yake nikamwamini, kwa sababu nilikuwa na njaa, na mwenye njaa anapenda sana kusikia kwamba mwenzake ameshiba. Siku alipokufa nilimbeba peke yangu, mkono mmoja chini ya magoti, mkono mmoja chini ya shingo, kama mtu anayebeba nguo za kufua. Alikuwa mwepesi vile. Nilipomaliza kumfukia niliapa: mtoto wangu hatakuwa mwepesi tena. Kiapo hicho hakuna aliyekisikia isipokuwa wewe, na wewe ulikuwa unalala.

Tuliporudi mjini nikakulisha. Wali, sombe ya majani ya muhogo, ndizi za kukaanga kwa mawese, asali iliyotoka kule mbali Tunda. Watu wakasema, "Tazameni mashavu ya yatima!" na mimi nilitembea kama mtu aliyevalishwa nishani na Chama. Ulipochumbiwa na Musafiri nikakuweka ndani siku arobaini, kama mabibi harusi wote wa mtaa wetu wanavyowekwa, hakuna jua, hakuna kazi, kula na kupakwa mafuta na kulala. Ulipotoka, mkeka ulilia ulipokaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilitazama mikono yako, imejaa, inang'aa, nikasema moyoni: Mariamu, umeona?

Na wakati ule nilijua. Hapo njo kosa langu la kwanza, kabla ya karanga. Nilijua mwezi wako unakuja unapotaka. Nilijua zile nywele za kidevuni, mimi njo nilikuwa nazing'oa, tumekaa barazani mchana, vidole vyangu na majivu ili visiteleze. Ulikuwa unafumba macho na kusema, "Koko, polepole, mimi si kuku." Nilikwambia ni mambo ya usichana, ndoa itayamaliza. Ndoa ilimaliza nini?

Miaka mitatu, hakuna mimba. Mwezi wako unapotea miezi mitano, halafu damu inakuja siku kumi na mbili haisimami, unatembea umeshika kuta. Mama mkwe wako akasema urudishwe kwangu utengenezwe. Utengenezwe! Kama baiskeli. Musafiri alikuvusha mwenyewe, mzigo wako kichwani kwake, watu wote wakimtazama mwanaume amebeba kikapu cha mwanamke, akasimama mlangoni hapa akasema:

"Koko, mimi simurudishi. Namuleta tu. Nitakuja kumuchukua."

Sikumsikiliza. Nataka Mama Ngalula aandike hili kwa herufi kubwa kama iko nazo: nilifurahi. Ulikuwa mgonjwa, na mimi nilifurahi, kwa sababu nyumba ilikuwa na sauti tena. Asubuhi nilisikia unakohoa upande wa pili wa ukuta, nikasema asante Mungu.

Unakumbuka tulivyokwenda kwa dokta pamoja. Alikupima, akachora duara kwenye karatasi na nukta nyingi pembeni.

"Mayai ya huyu mama yanaanza kukua, halafu yanasimama njiani," alisema. "Yanabaki pale madogo madogo, kama mbegu za nyanya."

"Nyanya?" nikasema. "Kwangu hajala nyanya."

Ukanikanyaga mguu. Yeye hakucheka. Alisema si uchawi, si laana, ni ugonjwa, wanawake wengi wanao. Kwamba nywele za kidevu, na chunusi, na mafuta yanayokaa tumboni, na mwezi unaopotea, vyote ni watoto wa mama mmoja. Akakupa vidonge vidogo vilivyopangwa ndani ya karatasi, kimoja kila siku kwa siku ishirini na moja. Akasema upunguze wali na mafuta, utembee kila siku. "Sisemi awe fito," alisema. "Na wembamba nao wanaupata. Lakini huyu akipungua hata kidogo, mwili unaweza kukumbuka kazi yake." Alisema mengi. Mimi nilisikia neno moja tu: kupungua.

Wewe ulitii. Kila asubuhi unafuata reli mpaka mbali, unarudi jasho linatiririka, watoto wanakupigia makofi kama bendi ya fanfare inapita. Ukaomba sufuria yako ndogo pembeni, sombe yako na mawese kijiko kimoja. Mwezi wa kwanza mizani ya dispensari ikashuka kilo mbili, ukarudi unaimba. Ukainama kuvua viatu na mimi nikaona mfupa hapa, chini ya shingo. Mfupa ule nilikuwa sijauona kwa mtu wangu tangu porini. Ukaniuliza, "Koko, unatazama nini?" Nikasema nimeona mdudu.

Na watu hawakuninyamazia. Siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, tunafagia barabara, mwanamke mmoja akaegemea ufagio wake:

"Koko, mjukuu wako anakauka. Bwana amemuacha?"

"Anatumia dawa."

"Zile za karatasi? Njo zile za wanawake wasiotaka kuzaa! Munatafuta mutoto, munameza kufuli?"

Wakacheka. Nilirudi nyumbani na ufagio wa serikali mkononi, nimesahau kuurudisha. Wewe ulikuwa umekwenda kutembea. Karatasi ya dawa ilikuwa chini ya mkeka wako. Nikaitupa chooni. Uliporudi nikasema ni panya.

"Panya amekula karatasi nzima?"

"Panya wa siku hizi," nikasema, "hawana adabu."

Ulikwenda kuomba nyingine, ukaifunga ndani ya pindo la kikwembe, kiunoni. Dawa sikuigusa tena, haikufikika. Lakini sufuria haifungwi kiunoni.

Mawese yanajisema, rangi yake inapanda juu. Karanga haisemi. Ukiitwanga mpaka ikawa laini kabisa, ukaichuja, ukaikoroga polepole ndani ya sombe inapochemka, inakuwa sombe. Ngumi mbili kila siku. Uji wa asubuhi nao nikautilia. Nilitwanga ulipokuwa kwenye reli, nikaosha kinu, nikakianika kabla hujarudi. Mwezi wa pili mizani ikapanda. Ukapunguza wali. Mimi nikaongeza karanga. Ukatembea mpaka mbali zaidi. Mimi nikaongeza. Tulikuwa tunavutana kamba, Zuwena, na wewe hukujua kama kuna mtu upande wa pili.

Siku moja ulirudi kutoka dispensari, ukakaa chini, hukuvua hata viatu. Ukasema, "Koko, mwili wangu unanichukia." Na mimi, mikono yangu ilikuwa bado inanuka karanga, nikasema, "Mungu njo anapanga miili." Nilimtia Mungu ndani ya sufuria yangu. Hilo nitaulizwa.

Halafu ukaacha kula. Siku mbili maji tu. Ukaanguka kwenye bomba la jirani, wakakubeba. Hata hapo sikuacha. Nilijiambia: unaona, anataka kufa kama mama yake, ongeza. Siku ya tatu ulitoka kwenda kupimwa, ukakuta pamefungwa, ukarudi mapema. Mimi niko na kinu miguuni, mwiko ndani ya sufuria yako ndogo. Ulikuja polepole. Ulichovya kidole ndani ya kinu, ukaonja. Ukaonja sombe. Ukasema, "Kumbe ni wewe."

Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ningejua la kujibu, mimi kelele naziweza. Ulifunga mzigo wako, ukashuka mtoni, ukavuka kwa Musafiri. Mkeka wako umeuacha.

Mama Ngalula ameacha kuandika, anapangusa pua. Nimemwambia asilowanishe karatasi, ni za kuhesabu.

"Koko, mimi ningekasirika mwaka muzima," ameniambia.

"Njo maana sikukuita unihurumie. Nimekuita uandike."

Ulipoondoka, nilikaa wiki mbili nikikulaumu. Nilisema huna shukrani. Halafu nikachoka na sauti yangu mwenyewe, nikavaa kikwembe kizuri, nikaenda kwa dokta peke yangu. Nilimwambia yote, na ya panya pia. Aliweka kalamu chini.

"Koko, yule mwanamke wa salongo hakusema uongo wote," akasema. "Wakati anameza zile dawa, hashiki mimba. Lakini haziui tumbo. Damu ikikaa miezi mingi bila kutoka, ukuta wa nyumba ya mtoto unanenepa ovyo, na hapo yanaingia magonjwa mabaya. Dawa inaupa mwezi njia yake. Akiwa tayari kutafuta mtoto, anaziacha, tunajaribu nyingine."

"Na unene?"

"Mwili wenye ugonjwa huu unashika chakula kuliko wako. Anafanya kazi mara mbili apate nusu. Na kazi yenyewe aliifanya na wewe umemkalia mgongoni." Halafu akauliza, si kwa ukali: "Kwa nini ulifanya vile?"

Nikasema, "Niliogopa atakuwa mwepesi."

Hakuelewa. Angeelewaje? Lakini alinivutia kiti.

Kwa hiyo haya ninayosema sasa si hekima, ni mambo niliyoambiwa nikiwa nimekaa kwenye kiti hicho. Tafuta dokta kule kabla hujatafuta soko. Mwambie yote, kidevu nacho, usione aibu. Dawa ikikuumiza kichwa au ikikuchafua moyo, mwambie yeye, usiitupe. Katika nyumba yetu amekwisha kutosha mmoja wa kutupa. Na mizani ikikataa mwezi mmoja, usijinyime chakula kama ulivyofanya. Nilimuuliza dokta hilo nikiwa na jina lako mdomoni, akatikisa kichwa mara nyingi. Alisema kula, kidogo na vizuri, na tembea, na upe mwili muda. Mizani ile ya kwetu ilikuwa sahihi, Zuwena. Mwili wako haukukuchukia siku hata moja. Ulikuwa unapokea karanga yangu tu.

Watu watasema umekonda. Wengine watasema umenenepa. Mimi nimekuwa watu hao wote wawili, nakwambia hawajui wanachosema. Wakikuuliza mtoto yuko wapi, sijui utawajibu nini. Nilikuwa nataka kitukuu, siwezi kukudanganya. Nilikuwa nimeshachagua jina. Sasa mtu akiniamsha usingizini akaniuliza nataka nini, nitataja jina lako kabla sijafungua macho.

Kuna jambo moja sijalielewa mpaka leo, labda wewe utalielewa kule mbali. Mariamu alinidanganya kwamba ameshiba, kwa sababu ananipenda. Mimi nilikudanganya kwamba sombe haina kitu, kwa sababu nakupenda. Mbona sisi wanawake wa nyumba hii hatupendani bila kudanganyana juu ya chakula? Musafiri yeye amepata wapi ufundi wake wa kusema neno moja na kulifanya? Alisema atakuja kukuchukua. Juzi nimesikia kwamba mama yake alimtafutia msichana kutoka Kama, mzuri, wa kifua, na yeye akajibu, "Mama, niko na bibi yangu, mufungieni huyo mzigo, safari njema." Mama Ngalula njo ameniletea habari hiyo, tumeicheka mpaka tumeshika mbavu. Mpe salamu. Mwambie nilimkosea heshima pale mlangoni.

Mchana ukiwa mkali hivi, vidole vyangu vinakwenda kwenye majivu vyenyewe. Nashtuka niko barazani na majivu mkononi, na hakuna kidevu. Juzi nilipika sufuria mbili, nikasimama mbele ya ile ndogo sijui nimpe nani. Nikakaa nikala sombe yako, ya kijiko kimoja cha mawese, bila karanga. Nilikula kwa hasira mwanzo. Halafu nikaimaliza. Si mbaya, Zuwena. Miezi yote ile sikuwahi kuionja.

Kesho mtavuka upande huu, hakuna njia nyingine, gari la moshi halijui hasira za mtu. Mama Ngalula anauliza kama nitakwenda kwenye gare kutazama mkipanda. Nitakwenda. Nitasimama kule kwenye mizigo, nyuma, sitaita jina lako, sitalia kwa sauti. Barua hii bwana wa Mama Ngalula atavuka nayo leo, ampe Musafiri mkononi. Ukitaka kugeuka, utaniona. Usipogeuka, nitatazama kilemba chako kikipanda ngazi, hicho nacho ni kitu. Nimekwisha kutazama miezi minne mitumbwi isiyo na kitu.

Lakini siku moja utarudi, hata kama ni kwa matanga yangu, na afadhali uje kabla. Siku hiyo usibishe hodi. Pita moja kwa moja jikoni, uniambie, "Koko, toka." Chukua sufuria moja, ile kubwa, upike wewe, kwa kipimo chako, chakula cha kutosha watu wawili. Mimi nitakaa mlangoni na mikono yangu juu ya magoti, mahali unapoiona.